Kabla hujapanda 'indica' Biliqo, hebu tuongee

Wiki tatu zilizopita binamu yangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ilikuwa pakiti ndogo inayong'aa yenye mbegu kumi, na juu yake maandishi ya Kiingereza kwamba hiyo ni bangi ya 'indica' kwa asilimia 80. Chini ya picha akaandika: "Bro, hii ndiyo itatutoa. Shamba liko kando ya mto, hakuna mtu anapita huko. Wewe tafuta wateja huko Nairobi."

Yeye yuko Biliqo, Kaunti ya Isiolo. Mimi niko Eastleigh, nauza simu na vifaa vyake. Kama hujawahi kusikia jina Biliqo, usijilaumu. Ni kijiji cha Waborana wafugaji, upande wa Merti, mbali na lami, karibu na mto Ewaso Nyiro. Ukishuka pale mchana, jua linakuuliza umekuja kufanya nini.

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Si kwamba nilishtuka. Wewe na mimi tunajua bangi si kitu kigeni. Ila nilijua kijana huyu si mjinga wala si mhuni. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na zizi la baba yake likabaki miti na samadi. Mvua iliporudi kwa nguvu mwishoni mwa 2023 ikawa mafuriko. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na alama za wastani, bila ng'ombe na bila kazi, akionyeshwa mbegu kumi za "pesa", unataka aseme nini?

Kwa hivyo sikumtumia mahubiri. Nilimwandikia barua ndefu, na leo nakuandikia wewe pia, kwa sababu naamini picha kama ile imeshafika kwenye simu yako.

Jina kwenye pakiti ni biashara

Tuanze na hilo neno 'indica' ambalo siku hizi kila mtaa unalo. Utaambiwa hivi: sativa inakuamsha, inakupa stori, indica inakulaza, inalegeza mwili. Kila mtu anaongea kama daktari.

Majina haya ni ya zamani. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliupa mmea wa katani jina la Cannabis sativa. Miaka thelathini na kitu baadaye, mwaka 1785, Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck akatazama mimea iliyotoka India, akaiona tofauti, akaiita Cannabis indica. Maana yake ni "ya India" tu, hakuna siri nyingine. Hata neno letu bangi asili yake ni huko huko India, likavuka bahari pamoja na wafanyabiashara hadi pwani yetu.

Ile inayoitwa indica sokoni leo inahusishwa na milima ya Hindu Kush, huko Afghanistan na Pakistan: mimea mifupi, minene, yenye majani mapana. Kuanzia miaka ya 1970 wakusanyaji wa mbegu waliibeba hadi Marekani na Ulaya, wakaichanganya na mingine, kisha wakachanganya tena na tena. Leo karibu kila mbegu inayouzwa kwa jina la kuvutia ni chotara wa chotara.

Mwaka 2021 watafiti wa Canada na Uholanzi walipima zaidi ya sampuli 100 za bangi zilizouzwa kwa majina hayo mawili. Walipata nini? Kwamba kibandiko cha indica au sativa hakikulingana vizuri na nasaba ya mmea. Kilichotofautiana ni kemikali chache za harufu. Yaani mtu alinusa, akaamua hii inanukia kama indica, akabandika jina. Sasa hiyo "asilimia 80" iliyo kwenye pakiti ya binamu yangu ilipimwa na nani?

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji wa mtandaoni hatakwambia. Mimea ya Hindu Kush ilizoea nchi ya majira, ambako siku za kiangazi ni ndefu na vuli ikija zinafupika. Kufupika huko ndiko kunakouambia mmea wakati wa kuchanua umefika. Biliqo iko karibu na mstari wa Ikweta, nyuzi moja na ushei tu kaskazini yake. Kwetu mchana ni saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Mmea wa aina hiyo ukipandwa kwetu unaona kama vuli imefika siku ya kwanza: unachanua ungali mdogo, unabaki kibonge. Kijana amenunua picha ya mti mkubwa aliyopigiwa nchi nyingine. Ni kama kununua ng'ombe wa maziwa wa Uholanzi ukamfungulia kwenye mawe ya Merti halafu ungoje ndoo ijae.

Kinachoingia kichwani

Tuseme umeipata, iwe ni hiyo ya pakiti au ile ya Ethiopia tunayoiita shash. Inafanya nini mwilini?

Kinacholewesha kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC, jina la mmea liwe lolote. Inafanya moyo uende mbio, mdomo ukauke, njaa ishike, muda uonekane unatambaa. Wengine wanacheka. Wengine wanaingiwa na hofu hadi wanadhani wanakufa. Kumbukumbu ya karibuni inapotea: umeanza sentensi, katikati umesahau ulikuwa unasema nini. Kuna kemikali nyingine, CBD, ambayo hailewesi na ambayo imeshatengenezewa dawa ya aina fulani za kifafa kali cha watoto. Marekani iliiidhinisha mwaka 2018. Kwa hivyo anayesema bangi haina faida yoyote ya tiba anadanganya. Lakini anayekuuzia msokoto kichochoroni hakuuzii dawa ya kifafa.

Tena bangi ya leo si ile ya hadithi za babu zetu. Nchini Marekani, ambako sampuli zilizonaswa na polisi hupimwa kila mwaka, THC ilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12. Mbegu hizi za kuagiza zinasifiwa kwa jambo hilo hilo: ukali. Na ukali una bei. Utafiti mkubwa uliofanywa Ulaya na Brazil na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 kwenda juu walikuwa na uwezekano karibu mara tano zaidi wa kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kupoteza uhalisia, kuliko wale ambao hawajawahi kuvuta. Si kila mvutaji atafika huko, na wengi hawafiki. Ila ubongo unaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na anayeanza shuleni ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi.

Hapa Kenya takwimu zipo. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulihesabu watu 518,807 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanaotumia bangi kwa sasa. Ni mtu mmoja kati ya kila 53. Miaka mitano kabla ya hapo, kiwango kilikuwa karibu nusu ya hicho. Na karibu nusu ya watumiaji hao walikuwa tayari wamefika hatua ya uraibu. Soma tena hiyo: karibu nusu. Ile kauli ya kijiweni kwamba "bangi haina uraibu" haina miguu ya kusimamia.

Halafu kuna stori yetu sisi watu wa kaskazini, ambayo wazungu wa utafiti hawaijui vizuri. Mchana kijana anatafuna miraa au muguka. Handas inapanda, macho yanakauka, usingizi unakimbia. Ikifika saa nane usiku anataka kushuka. Hapo ndipo hii indica inauzwa kama ngazi ya kushukia: "Vuta hii, utalala kama mtoto." Analala kweli. Asubuhi anaamka mzito, kichwa ni gunia, anahitaji miraa ili asimame. Jioni anahitaji bangi ili alale. Nimekaa kwenye vyumba hivyo, Isiolo mjini na hapa Eastleigh. Nimevuta pia, sitajifanya mtakatifu. Mwaka mzima nilikuwa nikiamka saa tano na kuamini nina shida ya usingizi. Usingizi wangu ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeuwekea swichi mbili na kumpa mwenye duka zote mbili.

Mto si wako peke yako

Binamu aliandika "shamba liko kando ya mto, hakuna mtu anapita." Sentensi hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wewe wa mjini huenda hujui. Kwetu ardhi ya malisho haina mwenyewe mmoja. Tuna jarsa dedha, wazee wa malisho, ambao huamua mifugo ichunge wapi wakati wa mvua na wapi ihifadhiwe kwa kiangazi. Nyasi za kando ya mto ni akiba. Ni benki ya kila mtu, hata ya mzee asiye na mbuzi hata mmoja leo lakini anayetumaini kuwa naye kesho. Ewaso Nyiro wenyewe siku hizi hukauka kwetu wakati wa kiangazi, kwa sababu huko juu, upande wa Mlima Kenya, kuna mashamba mengi yanayouvuta kabla haujatufikia. Tumelalamika miaka mingi kwamba watu wa juu wanakunywa mto wetu. Sasa kijana wetu azungushie seng'enge akiba ya malisho ili anyweshe bangi? Tutawaambia nini wale wa juu?

Na usidhani "hakuna mtu anapita." Wachungaji wanapita. Wanawake wanaotafuta maji wanapita. Siri ya kitu chenye harufu ile haidumu mwezi.

Biliqo pia ina kidonda kibichi kuhusu ardhi. Wakazi 165 walikwenda kortini mwaka 2021, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za wanyamapori, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Ndani ya mgogoro huo kulikuwa na biashara ya hewa ya kaboni, mali ambayo wengi wetu hatukuwa hata na jina lake. Wazee wetu, ambao baadhi yao hawajui kusoma, walisimama wakasema: hamwezi kufanya biashara juu ya ardhi yetu bila kutuuliza. Wakashinda. Halafu wewe, mtoto wa nyumbani, ufanye biashara juu ya ardhi hiyo hiyo bila kuwauliza? Tofauti yako na wale iko wapi?

Sheria haitakuuliza kama ulikuwa na njaa

Twende kwa sheria, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapigwa chenga. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inasema anayepanda bangi anaweza kutozwa faini ya Sh250,000 au kufungwa hadi miaka 20, au vyote viwili. Na si aliyepanda peke yake: hata mwenye ardhi au anayeishi hapo akiruhusu ipandwe, ana kosa. Kwa hivyo ule mpango wa "abuya ametuachia kipande chake", yaani mjomba, unamweka abuya kizimbani pamoja nawe.

Ukifika kwenye kuuza na kusafirisha, marekebisho ya 2022 yameongeza makali: zaidi ya gramu 100, faini isiyopungua Sh50 milioni au kifungo cha miaka 50. Gramu mia moja. Pakiti ya unga wa kilo mbili ina gramu elfu mbili, sasa piga hesabu mwenyewe. Na barabara ya kukufikisha Nairobi ni ile ya Moyale–Isiolo, ambayo ndiyo njia inayojulikana sana ya bangi kutoka Ethiopia. Polisi wanaijua kila kona. Wanaokamatwa pale ni dereva, utingo, na kijana wa bodaboda. Mwenye mzigo huwa yuko kwenye simu.

Hapo ndipo nilipomjibu binamu kuhusu "tafuta wateja." Yeye alidhani ananigawia faida. Alikuwa ananigawia miaka hamsini.

Lakini si wanahalalisha?

Najua utasema: dunia inabadilika. Ni kweli. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilipiga kura ya kukataa. Afrika Kusini, mahakama ya katiba iliruhusu mtu mzima kuvuta na kupanda faraghani, mwaka 2018. Hapa kwetu marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitayarisha mswada mwaka huo huo. George Wajackoyah aliigombea Ikulu mwaka 2022 akiahidi kulipa deni la taifa kwa bangi. Mikutano ilijaa, meme zikajaa, kura zikawa 61,969.

Mimi nasema wazi: sikubali kijana atupwe jela kwa msokoto mmoja. Jela inamrudisha nyumbani akiwa na rekodi, bila kazi, na marafiki wapya wa ovyo. Aliye mraibu apelekwe kutibiwa. Sheria hiyo ibadilishwe, na tuidai kwa sauti, mchana, kwa majina yetu.

Ila usichanganye mabadiliko ya sheria na utajiri wako. Tazama walioanza. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya tiba, mwaka 2017. Wakulima wadogo wa milimani, waliokuwa wakiilima kimyakimya vizazi na vizazi, leseni iliwashinda bei, na kampuni zenye mtaji wa nje zikaingia. Rwanda imeruhusu kilimo cha kuuza nje tu. Raia akivuta bado ni kosa. Bangi ikihalalishwa inageuka zao la ua la umeme, kamera, maabara na wanasheria. Siku Kenya itakapofungua mlango huo, hawatamtafuta binamu yangu na mbegu zake kumi. Watakuja Biliqo kutafuta ardhi na maji. Siku hiyo tutahitaji vijana walio huru, wanaosoma mikataba, wanaoweza kusimama kwenye baraza pamoja na wazee. Aliye Kamiti hasomi mkataba.

Basi nipe wewe kazi

Nilimtumia yote haya. Akasoma, nikaona zile alama mbili za buluu. Baada ya saa nzima akajibu maneno manne: "Sawa. Nipe wewe kazi."

Manze, hapo nilinyamaza. Ana haki. Ni rahisi kumwambia mtu asipande bangi ukiwa umeshakunywa chai. Kila mwaka viongozi wanafika Merti kutuambia vijana tuache dawa za kulevya, wanapiga picha, vumbi la magari linatulia, na sisi tunabaki na kofia.

Sina kazi ya kumpa. Nina vitu viwili. Cha kwanza, maziwa ya ngamia. Kila siku maziwa yanatoka Isiolo kwa basi hadi hapa Eastleigh, biashara iliyojengwa na akina mama kama wale wa ushirika wa Anolei, na hapa mtaani kwangu kikombe hakikai. Ngamia alivumilia ukame uliomaliza ng'ombe wetu. Biliqo iko mbali na lami na maziwa yanaharibika, najua, kwa hivyo si jibu rahisi. Lakini ni shida ya jokofu na usafiri, ambayo unaweza kuipigia kelele kwa mwakilishi wadi wako bila kujificha. Cha pili, nimemwambia aje akae nami miezi mitatu ajifunze kutengeneza simu. Merti kuna simu nyingi zilizovunjika na mafundi wachache.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Mbegu, anasema, bado ziko kwenye pakiti, ndani ya sanduku la mama yake, mama ambaye hajui amelalia nini. Nimemwomba jambo moja tu kabla hajaamua: akae na jarsa dedha jioni moja, awaulize lile eneo la mto ni la nani. Asitaje bangi. Aulize tu, kisha asikilize.

Nawe, uliye Isiolo mjini, Kayole, Kisauni au Nyalenda, kama una pakiti kama hiyo, nenda kawaulize wazee wako swali hilo. Na kama wewe ndiye ulioombwa "tafuta wateja", mpigie aliyekuomba. Usimtumie ujumbe, mpigie. Muulize ameshakula. Mazungumzo mengine yataanzia hapo.